Jinsi ya Kupanga Jozi za Wazazi Unapoanzisha Aina Mpya ya Mbwa

Wanaotaka kuanzisha aina yao ya mbwa huanza karibu wote na swali moja: "Nina dume mzuri wa Boerboel, yule mbwa mkubwa wa ulinzi wa Afrika Kusini, na jike wa kienyeji mwenye akili. Nikiwapandisha, watoto watakaozaliwa si ndiyo aina mpya?" Jibu ni hapana. Watoto hao ni machotara, na hata wakipendeza namna gani, huwezi kujua watazaa nini. Aina ya mbwa ni kundi ambalo wanachama wake, wakipandishwa wao kwa wao, huzaa watoto wanaofanana nao kwa umbo, tabia na kazi, kizazi baada ya kizazi, bila kudhoofishwa na undugu. Kwa hiyo kinachochaguliwa si mbwa mzuri mmoja mmoja. Ni jozi, na jozi yenyewe hupimwa kwa kile itakachoongeza au kupunguza katika kundi zima.

Mfano nitakaoutumia ni mbwa wa ulinzi wa maeneo yenye joto na kupe, kwa sababu ndiye anayeulizwa zaidi. Mfugaji wa Kajiado au Dodoma anataka mbwa mwenye mwili wa kumfanya mwizi asite, lakini asiyehema hoi ifikapo saa sita mchana na asiyelazwa kwa homa ya kupe kila baada ya mvua. Ukitaka mbwa wa kuchunga mbuzi au wa kufuata harufu, hatua ni hizi hizi. Kitakachobadilika ni sifa utakazozipa alama katika hatua ya nne.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Muda. Kizazi kimoja cha mbwa, ukisubiri wazazi wakomae na wapimwe ipasavyo, huchukua miaka miwili na nusu hadi mitatu. Vizazi vitano ni miaka 12 hadi 15. Asiye tayari kwa hilo na anunue mbwa wa aina iliyokwishatengenezwa.
- Wenzako. Wafugaji watano hadi wanane wanaoaminiana na kuandika kumbukumbu kwa namna moja. Mtu mmoja mwenye uwanja mmoja hawezi kutunza idadi ya mbwa inayotakiwa.
- Mbwa waasisi wasio na undugu. Ninapendekeza madume wasiopungua 6 na majike wasiopungua 16, wakiwa mikononi mwa wafugaji mbalimbali.
- Daktari wa mifugo anayeweza kupiga picha za eksirei za nyonga na kuchukua sampuli za vipimo vya vinasaba.
- Daftari la nasaba. Kila mbwa awe na namba yake isiyobadilika, na ikiwezekana chipu chini ya ngozi. Majina hurudiwa, nimewahi kuona akina Simba wanne katika daftari moja, na hakuna aliyejua yupi alikuwa baba wa nani.
- Mizani, utepe wa kupimia, na kamera.
- Nyumba za watoto wasiobakizwa. Mkupuo mmoja, yaani watoto wote wa mimba moja, unaweza kuwa na watoto wanane, nawe utabakiza wawili. Wale sita lazima wawe na pa kwenda kabla jike hajapandishwa.

Nadharia ni chache. Kila mbwa ana nakala mbili za kila kinasaba, moja ya baba na moja ya mama. Vinasaba vingine hujionyesha hata vikiwa nakala moja tu, na vingine hujificha mpaka nakala mbili zikutane. Magonjwa mengi ya kurithi ni ya kundi hili la pili, na ndiyo maana undugu ni hatari: ndugu wawili huenda wanabeba nakala ile ile iliyofichika bila yeyote kati yao kuugua. Mambo kama kimo, nyonga na ujasiri hutokana na vinasaba vingi kwa pamoja, pamoja na malezi, kwa hiyo hayasomeki kwa kipimo kimoja.

Hatua

1. Andika kazi ya mbwa kabla ya sura yake.

Chukua karatasi moja, uandike mambo yasiyozidi saba ambayo mbwa wako lazima awe nayo, kwa mpangilio wa umuhimu. Kwa mbwa wetu wa ulinzi: tabia tulivu isiyo na woga, nyonga nzima, uwezo wa kustahimili joto, uzito kati ya kilo 32 na 42, manyoya mafupi, majike wanaozaa wenyewe bila upasuaji, na sauti nzito. Rangi haimo. Kila sharti linalotegemea nakala mbili zilizofichika hupunguza mno idadi ya watoto wanaofaa. Ukipandisha machotara wa kizazi cha kwanza wao kwa wao ukitafuta sifa moja ya namna hiyo, utaipata kwa mtoto mmoja kati ya wanne; ukitafuta tatu kwa pamoja, ni mmoja kati ya 64, yaani mikupuo minane ili kutarajia mtoto mmoja tu. Na huyo mmoja anaweza kuwa na nyonga mbovu.

Mwaka 1922, Francis Richard Barnes alipowakutanisha wenye mbwa wa msitari wa mgongoni mjini Bulawayo ili kuandika kigezo cha aina inayoitwa leo Rhodesian Ridgeback, mbwa walioletwa walitofautiana sana kwa kimo na umbo. Walichofanya ni kukubaliana kwa maandishi juu ya mbwa wanayemtaka, wakiazima mpangilio wa kigezo cha Dalmatian, kisha wakachagua kuelekea huko. Anayepandisha kwanza na kuandika kigezo baadaye huishia kuandika sifa za mbwa alionao, pamoja na kasoro zao.

2. Kusanya waasisi na uwagawe katika koo.

Gawanya waasisi wako katika koo tatu: A, B na C. Kila ukoo uwe na madume wawili au zaidi na majike watano au zaidi. Wa kienyeji watafutwe katika vijiji vilivyo mbali, kwa sababu mbwa wa kijiji kimoja mara nyingi ni watoto wa madume wachache. Chagua waliokwishaishi. Mbwa wa kienyeji aliyefikisha miaka saba kijijini, bila dawa ya kupe na kwa makombo ya ugali, amepita mtihani ambao hakuna maabara inayoweza kuutoa.

Kwa mbwa wenye cheti, soma nasaba hadi kizazi cha nne na uhakikishe majina hayajirudii kati ya mbwa mmoja na mwingine. Walioandikishwa na East Africa Kennel Club ya Nairobi wana kumbukumbu za kuanzia. Usidanganywe na tofauti ya wauzaji: Boerboel wawili walionunuliwa katika miji miwili wanaweza kuwa na babu mmoja aliyeingizwa kutoka Afrika Kusini.

3. Pima afya, na uwaondoe wasiovuka mstari.

Hatua hii haina mjadala. Mbwa yeyote mwenye mojawapo ya haya haingii katika jozi, hata awe mzuri kiasi gani: kifafa, uoga unaomfanya ang'ate, kende iliyobaki tumboni, moyo wenye sauti isiyo ya kawaida, au nyonga za daraja la D au E katika mfumo wa FCI (shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa) unaoanzia A kwa nyonga nzima. Picha za nyonga zipigwe mbwa akiwa na miezi 12 au zaidi. Kwa mbwa wakubwa sana subiri miezi 18.

Kwa magonjwa yenye kipimo cha vinasaba, mbwa hugawanyika katika makundi matatu: safi, mbebaji na mgonjwa. Hapa ndipo wanaoanza hukosea kwa bidii. Wakisikia neno mbebaji humwondoa mbwa mara moja, na baada ya vizazi viwili wamebaki na madume wawili tu. Mbebaji mwenye sifa nzuri anaweza kupandishwa na mbwa aliye safi. Hakuna mtoto atakayeugua ugonjwa huo, ingawa kwa wastani nusu yao watakuwa wabebaji, nao utawapima kabla ya kuwatumia. Usichopaswa kufanya kamwe ni kukutanisha wabebaji wawili, kwa sababu mtoto mmoja kati ya wanne hutarajiwa kuwa mgonjwa.

Magonjwa mengine hayana kipimo cha vinasaba cha kutegemewa na huchelewa kujitokeza. Moyo wa Dobermann, kwa mfano, unaweza kuharibika akiwa amekwishakomaa na kuacha watoto wengi. Dawa ya hilo ni madume wazee: dume wa miaka minane anayekimbia vizuri na ambaye bado ana mbegu nzuri ana thamani kuliko kijana wa miezi 18 aliyeshinda maonyesho.

4. Wape alama.

Kwa kila mbwa aliyevuka mstari, toa alama 1 hadi 5 kwa kila sifa ya karatasi yako. Alama zitolewe na watu wawili wasiokuwa wenye mbwa, kila mmoja peke yake, kisha uchukue wastani. Tabia ipimwe mbwa akiwa na miezi 18 au zaidi, mahali asipopazoea, mwenyewe akiwa hayupo. Mbwa anayetulia na kutazama apewe 5. Anayebweka huku akirudi nyuma apewe 1, hata kama bwana wake anauita ukali huo ulinzi.

5. Anza na jike, kisha umtafutie dume anayemfidia.

Weka karatasi ya jike mezani na uzungushie duara alama zake za 1, 2 na 3. Mtafute dume mwenye 4 au 5 katika sehemu hizo hizo. Kanuni ninayoifuata ni fupi: wazazi wawili wasiwe na udhaifu mmoja. Jike mwenye nyonga za daraja la C apewe dume wa A, si wa B.

Usijaribu kufidia kasoro kwa kasoro ya upande wa pili. Ukimpandisha jike mwenye mgongo mrefu kupita kiasi na dume mwenye mgongo mfupi kupita kiasi, watoto wa kwanza huenda wakawa wa kati, nawe ukadhani umefaulu. Lakini wanabeba vinasaba vya pande zote mbili, na katika kizazi kinachofuata mgongo mrefu na mgongo mfupi hurudi pamoja. Kasoro hufidiwa kwa usahihi, yaani kwa dume ambaye mgongo wake ni wa wastani, na vivyo hivyo wa wazazi wake.

Katika chotara ya kwanza, ni salama zaidi jike akiwa mkubwa sawa na dume au kumzidi. Jike wa kienyeji wa kilo 15 aliyepandwa na Boerboel wa kilo 60 anaweza kukwama wakati wa kuzaa, hasa mimba ikiwa ya watoto wachache ambao hukua wakubwa. Kwa hiyo tumia jike wa Boerboel na dume wa kienyeji, au chagua jike mkubwa wa kienyeji na dume wa wastani.

6. Hesabu kiwango cha undugu.

Hesabu hii hufanyika kwa kalamu. Chora nasaba ya watoto unaowatarajia. Mtafute kila mzee, yaani mtangulizi wa kizazi chochote, anayeonekana upande wa baba na upande wa mama. Anzia kwa baba, panda hadi kwa mzee huyo, shuka hadi kwa mama, na uhesabu mbwa wote waliomo katika njia hiyo, baba na mama wakiwemo. Gawanya moja kwa mbili mara nyingi kama idadi hiyo, kisha jumlisha matokeo ya njia zote. (Ikiwa mzee mwenyewe alizaliwa na ndugu, kiwango huongezeka, lakini katika vizazi vya mwanzo waasisi wako wasiwe hivyo.)

Ndugu wa baba mmoja: njia ni baba, babu, mama, yaani mbwa watatu, moja ya nane, au asilimia 12.5. Ndugu wa baba na mama mmoja wana njia mbili za namna hiyo, kwa hiyo asilimia 25. Binamu wa kwanza wana njia mbili za mbwa watano. Kila moja ni 1/32, jumla asilimia 6.25. Katika vizazi vitatu vya mwanzo usikubali jozi yoyote inayozidi 6.25, na uelekee sifuri kadiri uwezavyo.

Wapo watakaokuambia kwamba aina nyingi maarufu zilitengenezwa kwa kumrudisha baba kwa binti yake. Ni kweli, na gharama yake inajulikana. Lundehund wa Norway wote wa leo wanatokana na mbwa wachache mno walionusurika kutoka katika homa ya mbwa ya katikati ya karne ya 20. Ugonjwa wa utumbo umewaandama, wanazaa kwa shida, na wenye nao wamelazimika kuwapandisha na aina nyingine za Kaskazini ili kuwaokoa.

7. Kagua vinasaba vinavyodhuru vikikutana.

Sifa nyingine hupendeza zikiwa nakala moja na hudhuru zikiwa mbili. Msitari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni mwa Ridgeback huonekana hata kwa nakala moja, lakini mbwa wenye nakala mbili ndio walio katika hatari zaidi ya kuzaliwa na tundu jembamba la ngozi linaloweza kupenya hadi karibu na uti wa mgongo na kushika usaha. Ikiwa umeingiza damu ya Ridgeback na unaupenda msitari huo, mpandishe mwenye msitari na asiye nao. Ikiwa mwenye msitari ana nakala moja, nusu ya watoto watakuwa nao kwa wastani, na hakuna atakayekuwa na nakala mbili. Rangi ya mabaka kama marumaru ni hatari kwa namna hiyo hiyo: wazazi wawili wenye rangi hiyo huzaa watoto wengine viziwi au vipofu.

8. Pandisha kwa wakati na kwa usafi.

Jike asipandishwe kabla ya joto la pili (joto ni kipindi cha jike kutaka dume), na kwa mbwa wakubwa ni vyema afikishe miaka miwili. Wengi hushika vizuri kati ya siku ya 9 na ya 14 tangu damu ianze, ila kila jike ana kalenda yake; kipimo cha homoni katika damu huondoa kubahatisha. Kabla ya siku hiyo, daktari awakague wote wawili sehemu za siri kutafuta uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana, ambao ni wa kawaida kwa mbwa wanaozurura katika nchi zetu, na apime bruselosi ya mbwa, inayoharibu mimba na kubaki katika banda. Chanjo za jike, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, zikamilike kabla ya mimba. Mimba ni siku 63 hivi. Mkupuo mmoja kwa mwaka unatosha.

Jike mwenye joto afungiwe ndani ya mlango wenye kitasa. Mkupuo mmoja unaweza kuwa na baba wawili, na dume wa jirani haulizi ukuta una urefu gani.

9. Pima watoto wote, si wale unaowapenda.

Andika uzito wa kuzaliwa, vifo, kasoro za kaakaa, kitovu na mkia, na kila mtoto aliyepelekwa kwingine afuatiliwe hadi miaka miwili. Simu moja kila baada ya miezi sita yatosha. Wale sita uliowatoa ndio watakaokuambia ukweli kuhusu jozi yako kuliko wawili uliowabakiza, kwa sababu hao wawili uliwachagua. Dume hupimwa kwa wastani wa watoto wake. Nilikuwa na dume aliyevutia macho ya kila mgeni, na watoto wake 11 kati ya 19 walikuwa waoga. Nilichelewa mwaka mzima kumwondoa kwa sababu kila asubuhi nilimwona yeye, na watoto nilikuwa siwaoni.

10. Usidanganywe na kizazi cha kwanza; chagua katika cha pili.

Machotara wa kwanza mara nyingi hufanana na huwa na afya, na hapo ndipo watu hutangaza aina mpya na kupandisha bei. Wakipandishwa wao kwa wao, watoto hutawanyika: mmoja kama babu, mwingine kama bibi, wa tatu hafanani na yeyote. Mtawanyiko huo si ajali. Ndio unaokupa nafasi ya kuchagua, na ndiyo maana kizazi cha pili kinahitaji mikupuo mingi kuliko kizazi kingine chochote. Lenga mikupuo minane au zaidi kutoka jozi tofauti.

Hata kizazi cha kwanza chenyewe hakina ahadi. Wally Conron wa shirika la mbwa wa kuongoza vipofu nchini Australia alipompandisha Labrador na Poodle mwaka 1989, akitafuta mbwa kwa ajili ya mwanamke kipofu wa Hawaii ambaye mumewe alidhurika na manyoya ya mbwa, walizaliwa watoto watatu, na mmoja tu ndiye aliyefaa. Baadaye Conron mwenyewe alijuta alipoona watu wakizalisha machotara kwa fujo bila kupima chochote.

Katika kizazi hiki usiwapandishe ndugu wa mkupuo mmoja. Chukua machotara wa koo A na B uwapandishe na machotara wa koo B na C, au A na C. Mimi mwenyewe nilipoteza miaka minne kwa kuwapandisha kaka na dada "waliolingana kama mapacha": katika mkupuo uliofuata watoto watatu walikufa ndani ya wiki moja, na waliobaki sikuweza kuwatumia kwa lolote.

11. Zungusha koo na uweke kikomo kwa kila dume.

Kuanzia kizazi cha tatu, madume wa ukoo A waende kwa majike wa B, wa B kwa C, na wa C kwa A, huku watoto wakibaki katika ukoo wa mama yao. Mzunguko huu huwasaidia hata wasiopenda hesabu, kwa sababu hakuna dume anayekutana na dada yake. Dume yeyote asizidi mikupuo mitatu katika kizazi kimoja.

Kikomo hiki hulalamikiwa sana, kwa hiyo tazama hesabu. Zidisha 4 kwa idadi ya madume na idadi ya majike, kisha ugawanye kwa jumla yao. Kundi la majike 20 na madume 2 ni mbwa 22 kwa macho, lakini kwa upande wa damu ni sawa na mbwa 7 tu, na undugu huongezeka kwa karibu asilimia 7 kila kizazi. Kundi la majike 16 na madume 6 ni mbwa 22 vilevile, lakini kwa damu ni 17, na ongezeko ni chini ya asilimia 3. Idadi ya bakuli za chakula ni ile ile.

12. Acha mlango wazi kwa damu mpya.

Usifunge daftari mapema. Julius Wipfel alianza kutengeneza Eurasier nchini Ujerumani mwaka 1960 kwa Chow Chow na Wolfspitz; mwaka 1972 aliongezwa Samoyed, miaka 12 baada ya kuanza, na aina hiyo ikatambuliwa mwaka 1973. Hata aina ya kale hufungua mlango: Basenji, mbwa asiyebweka wa misitu ya Kongo, aliteswa na ugonjwa wa figo katika kundi dogo lililokuwa ng'ambo, na mwaka 1990 daftari la Marekani lilifunguliwa ili kupokea mbwa 14 wenye asili ya Kongo yenyewe. Ukileta mbwa mpya, mpitishe hatua ya 3 na ya 4 kama mwasisi, mpandishe na majike wawili au watatu tu, kisha uchague kati ya wajukuu wake.

Wanaoota kutambuliwa kimataifa wajue kwamba FCI hudai koo nane, kila ukoo ukiwa na madume wasiopungua wawili na majike wasiopungua sita, na koo hizo zisiwe na mzee mmoja ndani ya vizazi vitatu. Mbinu ya dume mmoja bora haifiki huko kwa njia yoyote.

Mambo yakienda kombo

*Mikupuo inapungua, watoto wanazaliwa dhaifu.* Kwanza pima bruselosi na ukague chakula cha jike. Vikiwa sawa, hesabu upya undugu hadi kizazi cha tano. Ukizidi asilimia 10, jozi inayofuata iwe na mbwa wa nje.

*Ugonjwa usiojulikana umejitokeza kwa mtoto mmoja.* Usiirudie jozi hiyo. Wafuatilie ndugu zake wote. Ukionekana tena kwa mtoto wa jozi nyingine, tafuta mzee wanayeshirikiana. Huenda ndiye aliyeuleta. Punguza matumizi ya watoto wake badala ya kuufuta ukoo mzima. Na wenzako waambie siku hiyo hiyo, kwa sababu anayeficha kasoro katika kundi dogo huwauzia wenzake ugonjwa.

*Kizazi cha tatu bado kinatofautiana sana.* Mara nyingi karatasi ya sifa ni ndefu mno. Chagua mbili za kwanza uzisimamie kwa vizazi viwili, nyingine ziwe za ziada.

*Tabia imelegea ingawa umbo limenyooka.* Watoa alama wamependa umbo. Kwa kizazi kizima, mbwa mwenye chini ya 4 katika tabia asipandishwe, na watoto waanze kuzoeshwa watu, magari na kelele kabla ya wiki ya 12, ili usichanganye malezi mabaya na damu mbaya.

*Dume na jike wanakataana.* Mara nyingi siku si sahihi. Rudia kipimo cha homoni, na mpeleke jike kwa dume badala ya dume kwa jike. Jike akiendelea kumng'ata dume, usimfunge mdomo na kumlazimisha. Mpe dume wa pili katika orodha yake, ndiyo maana kila jike huandikiwa madume wawili.

*Mwenzenu amejitoa na kuondoka na mbwa wake.* Hili hutokea kwa kila kundi ninalolijua. Andikianeni tangu mwanzo mkataba kwamba mtoto mmoja wa kila dume na mmoja wa kila jike hutunzwa na mfugaji mwingine, na nakala ya daftari ikae kwa watu watatu.